Neno "Bure" Limeniponza kwa Baba Mdogo

Mpendwa mshauri,

Msaada ninaouomba ni mdogo, kwa kweli ni wa neno moja tu, lakini neno lenyewe limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kwa kuwa mimi ni mtu wa aibu, mtu ambaye akiulizwa jina lake huangalia viatu kwanza, nimeona heri niandike kuliko kusema, ingawa utaona huko mbele kwamba ni kuandika huko huko kulikoniponza. Nyumbani wananiita Kimya. Usihofu, sina shida ya maisha, kwetu tunakula na tunacheka, mama ni fundi cherehani na huimba akishona, baba hana neno na mtu, na barua hii naiandika nikiwa chini ya meza ya mama ya kukatia vitambaa, mahali nilipozoea kukaa tangu utotoni. Shida yangu ni mchezo wa simu, na baba mdogo.

Nianze na mchezo. Ni ule unaoupakua bila kulipa chochote, ukaingia kwenye dunia pana ajabu, mlima ukiuona kwa mbali unaufikia na kuupanda, mto ukiuona unaogelea, na humo mna watu wa kweli kutoka kila pembe wanaocheza wakati mmoja na wewe, ila sharti mtandao uwepo, ukikatika hata nyumba uliyoijenga kwa mikono yako huwezi kuichungulia dirishani. Aliyeniingiza ni baba mdogo, kitinda mimba wa kwa kina baba, fundi wa majokofu. Alikuwa anakaa chumba cha uani kwetu, kisha akapata kazi mbali, kwenye kiwanda cha maziwa, kutunza vyumba vya baridi, na kabla ya kuondoka aliniwekea mchezo ule kwenye simu akaniambia, "Mwanangu, wewe kwenye simu ya kawaida huongei. Nakuuliza habari, unasema nzuri. Nakuuliza shule, unasema nzuri. Tutamaliza vocha kwa nzuri. Tukutane humu."

Na kweli tukakutana. Kila Jumapili mchana, yeye amekaa juu ya kreti la maziwa lililopinduliwa karibu na mtambo, mimi chini ya meza, hedifoni masikioni. Humo ndani, mshauri, mimi si Kimya. Humo naitwa Mshindo, kwa ile methali ya kimya kingi, nina kofia na farasi, na mimi ndiye ninayeongoza njia.

"Bosi, leo tunaelekea wapi?" ananiuliza.

"Mlimani."

"Mlimani tena? Magoti yangu, bosi!"

"Magoti yako ya kuchora hayaumi."

"Ya kuchora ndiyo yanayouma. Haya ya kweli nimeshayazoea."

Mtambo ukianza kunguruma nyuma yake anasema, "Ngoja, mtoto analia," anaenda kuuangalia, na mimi namsubiri kando ya ziwa, kwenye benchi moja bovu tulilolipa jina la ofisini. Hapo ndipo tunapoongea. Kuhusu shule, kuhusu rafiki yangu aliyehama bila kuniaga, kuhusu kama mtu wa aibu anaweza kuwa mwalimu, mambo ambayo tungekaa naye uso kwa uso nisingeyasema hata kwa kuchomwa sindano.

Sasa mwalimu wetu wa lugha akatupa kazi ya uhakiki. Wenzangu wakachagua riwaya na tamthilia, mimi nikamfuata ofisini nikasimama mlangoni mpaka akachoka yeye. "Ingia au toka, unanizibia hewa." Nikamuuliza kama naweza kuhakiki mchezo.

"Una hadithi?"

"Unayo, mwalimu."

"Una wahusika?"

"Wapo, lakini wanarudia maneno."

Akacheka. "Basi anzia hapo hapo."

Nikaanzia hapo hapo, na sijui nilipandwa na nini, maana niliandika kwa namna ambayo siongei. Niliandika kwamba dunia ile inapendeza macho, nyasi zinalala upepo ukipita, lakini wenyeji wake hawana nafsi, kuna mzee wa kijijini ambaye nimemwokolea mbuzi yule yule mara nyingi hata mbuzi mwenyewe amenizoea, na kila nikimrudisha mzee ananishukuru kama hajawahi kuniona. Nikaandika kwamba Kiswahili chao kimetafsiriwa na mtu aliyekuwa anakimbilia basi, maana mtoto wa muuza duka anamwamkia mzee huyo kwa "Mambo, mteja", na ukiuawa na chui unaandikiwa "Umefariki kwa mafanikio". Nikaandika kwamba kila siku ukiingia unapewa kazawadi, usipoingia kanakupita, kwa hiyo huingii kwa kutaka, unaingia kama kuku aliyesikia mtama ukimwagwa. Na yale masanduku ya bahati, ambayo unayalipia kwa pesa halali bila kujua kilichomo, ukifungua unakuta soksi. Na juu ya yote, kwamba humo hakuna kilicho chetu, wenye mchezo wakiamua kuzima mitambo yao mlima unaondoka na ziwa linaondoka, na hakuna wa kumlalamikia.

Kichwa nikaandika MCHEZO WA BURE.

Hapa naomba nieleze vizuri. Shuleni tunasoma kwa lugha mbili, na mimi rasimu huwa naiandika kwa Kiingereza kisha naihamishia kwenye Kiswahili, na kule neno lenyewe, "free", lina maana ya kutolipa na pia maana ya kuwa huru, nami nilizitaka zote mbili, nikalivusha neno langu taratibu kama mtu aliyebeba yai, kumbe huku ng'ambo lilikuwa limeshaanguliwa ndege mwingine kabisa.

Mwalimu alifurahi mno. Akasema kichwa kina ncha mbili kama mkasi, na kwamba uhakiki huo nitausoma siku ya wazazi, jukwaani, kwa kipaza sauti. Sikumwambia kwamba ncha ya pili sikuwa nimeiona. Mama naye, kwa furaha, akapiga picha ukurasa wa kwanza peke yake, wenye kichwa kile na mstari unaosema "Nimetumia mwaka mzima katika mchezo wa bure", akamtumia baba mdogo kabla sijamaliza kusema usimtumie.

Jibu likaja. "Hongera, bosi. Kumbe ilikuwa bure."

Mshauri, bure ipi? Jumapili iliyofuata nilikaa ofisini, kwenye benchi, nikaangalia ziwa, hakuja. Na iliyofuata hakuja. Mama anasema, "Mpigie," lakini nikimpigia nitasema nini zaidi ya nzuri? Mama akasema tena, "Mwanaume mzima hawezi kununa kwa ajili ya mchezo," halafu akasimamisha cherehani, akafikiri, akasema, "Au labda anaweza." Baba mdogo alikuwa ameshaomba ruhusa kazini aje siku ya wazazi, na sasa hasemi kama anakuja au haji.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Nikijiuliza kwa ukweli, pale kwenye mbuzi na kuku na soksi, nilimaanisha ile bure nyingine pia. Mchezo ule una mambo ya bure kweli kweli. Lakini zile Jumapili hazikuwa za bure. Sasa nifanyeje, nibadilishe kichwa, nimwambie mwalimu naumwa siku hiyo, au niusifie mchezo kwa uongo ili baba mdogo arudi?

Ni mimi,
Kimya, chini ya meza

*

Kimya wangu,

Toka kwanza chini ya meza, mama yako ana mkasi na kazi za watu.

Umetoka? Vizuri. Barua yako imenichekesha mpaka jirani yangu wa meza akauliza kuna nini, na nilipomsomea habari za mbuzi, naye kazi ikamshinda. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba hujui kusema. Unajua sana. Tatizo lako ni kwamba unawaambia wote isipokuwa mwenye kuhusika. Mimi umeniambia, mwalimu umemwambia, benchi la kuchora umeliambia, na mtu mwenyewe umemwacha na picha ya ukurasa mmoja. Unapanda farasi, unapambana na chui, halafu unaogopa kitufe cha kupigia simu! Aibu ni pambo, mwanangu, lakini pambo likifika machoni linaziba njia.

Kabla ya kukujibu nilimwomba mjukuu wangu anifungulie mchezo huo, maana sipendi kushauri juu ya shimo nisilolichungulia. Nilitembea nikielekea ukutani kwa muda mrefu, mtoto akipiga kelele, "Bibi, geuka! Bibi, geuka!" Nilipogeuka nikaangukia mtoni, nikafariki kwa mafanikio. Nilipofufuka nikapewa sanduku, na ndani mlikuwa na kofia isiyonitosha. Kila ulichoandika nimekiona. Kwa hiyo hilo la kuusifia kwa uongo lifute kabisa. Baba mdogo wako ni fundi, na fundi hapendi kuambiwa jokofu linagandisha wakati maziwa yameganda peke yake. Na la kuumwa pia lifute, hujui kudanganya, utashikwa kabla ya kukohoa.

Lakini uhakiki wako una tundu, na mwalimu wako, kwa kuufurahia mkasi, hakuliona. Umehakiki mlima, umehakiki mbuzi, umehakiki hata soksi. Benchi hukulihakiki. Nimeupitia muhtasari wako mara mbili nikimtafuta mtu aliyekaa juu ya kreti, simuoni. Ndiyo maana nakwambia kosa si la mama yako na picha yake. Hata angetuma kurasa zote, baba mdogo wako angezisoma mpaka mwisho asijikute mahali. Mtu mzima huyo, kazini kwake kwenye baridi, anapindua kreti ili apate kukusikia ukimwamuru apande mlima, halafu anaambiwa mwaka wote huo ulikuwa mchezo wa bure. Mama yako anashangaa mwanaume kununia mchezo. Hakununia mchezo. Mtu aliyezoea kuja akaacha, sisi hatusemi ni bahati mbaya, tunasema hii si bure. Unaona? Ni neno lako lile lile, limerudi likiwa na nguo nyingine. Umesoma lugha mbili, ukahesabu vyumba vya ile ya shule, ukasahau kwamba hata ya nyumbani ina vyumba vya uani.

Sasa sikiliza. Andika aya moja zaidi, iwe ya mwisho. Iwe ya benchi, ya mtambo unaolia kama mtoto, ya magoti. Sema kwamba mchezo ulijengwa na watu wanaotaka ununue soksi, na ninyi wawili mkautumia kwa kazi ambayo wenyewe hawakuiwaza. Huo nao ni uhakiki, tena ndio mgumu. Kichwa kiache kama kilivyo. Kilikuponyoka kwa bahati, lakini ukishaweka aya hiyo kitakuwa chako kwa haki.

Halafu mpigie. Usimwandikie ujumbe, maandishi mafupi ndiyo yaliyoleta haya yote. Mpigie Jumapili mchana, wakati wake wa kreti, na akipokea usimpe nafasi ya kukuuliza habari, maana nakujua, utasema nzuri. Mwambie, "Baba mdogo, shikamoo, nyamaza unisikilize," uanze kusoma kuanzia kichwa. Mtambo ukilia, msubiri. Usikate.

Siku ya wazazi utapanda jukwaani na magoti yatatetemeka, haya ya kweli. Mwombe akae mbele, umsomee yeye, sisi wengine tuchukulie ni wale wanakijiji wanaorudia maneno. Akikosa ruhusa, simu ya mama yako iwe hewani mkononi mwake. Na akija, mkae pamoja mezani, juu ya meza nasema, si chini. Midomo ikiwa mizito, fungueni mchezo hapo hapo, kila mmoja na simu yake, hakuna sheria inayowakataza watu wa nyumba moja kukutana ziwani. Lakini mzoee pia kukaa bila ziwa. Wewe mwenyewe umeandika kwamba wakizima mitambo linaondoka. Ulilijua hilo ukiwa mhakiki, ukalisahau ukiwa mtoto wa watu.

Na ukikwama mwisho wa simu, ukaona lile "nzuri" linapanda mdomoni, kuna chumba kimoja cha neno lako ambacho hujakifungua. Tukimpenda mtu bila sababu na bila kungoja malipo, tunamwambia nakupenda bure. Mwambie hivyo. Aibu ikizidi, kata simu, atakuwa ameshasikia.

Usinishukuru. Ushauri wa ukurasa huu ni bure. Bure ipi, utajua Jumapili.

Mshauri wako