Koti la Baridi la Mama

Bawshar, Maskati
Jumapili, baada ya alasiri

Dada yangu mpenzi Hamdiya,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi, ila mimi nina jambo zito. Jirani yangu Hajar anakuja huko Unguja Alhamisi, basi nitampa barua hii pamoja na koti la mama. Ningeweza kukupigia simu, lakini hili sikuweza kulisema kwa mdomo.

Kama ujuavyo, binti yangu Manal anahitimu masomo yake Manchester mwezi ujao, nami nimeapa nitakuwepo. Kila aliyewahi kufika huko amenitisha na baridi yake, basi nikaenda madukani Hamriya kutafuta nguo. Dada, usiombe! Kofia za sufu zimeshajaribiwa na vichwa mia, ndani zinang'aa mafuta ya nywele, na muuzaji anakushikilia uivae. Glavu moja nilipotia vidole nilikuta unyevu wa jasho la mtu. Nilirudi nyumbani nikaoga mara mbili.

Ndipo nikalikumbuka begi letu la baridi. Desturi yake unaijua: ukoo mzima tuna begi moja la makoti, anayesafiri hulichukua, akirudi hufua kila kitu, hufukiza udi, kisha hukaa nalo mpaka atokee msafiri mwingine. Mara ya mwisho lilikuwa kwa wifi yetu Balqis, walipokwenda Istanbul na kaka yetu Sinan na watoto. Na humo ndimo lilimokuwa koti jeusi la mama, alilolivaa Munich alipopelekwa kutibiwa, wiki sita kabla hajatutoka. Ombi lako sikulisahau. Maziko hukuyawahi, na kitu pekee ulichoniomba ni koti hilo, lisiguswe na maji, upate harufu yake. Nami nilikuahidi.

Sinan akaniletea begi. Nilipofungua zipu nilirudi nyuma. Nilitarajia udi na asumini, harufu ya mama tunayoijua, nikakutana na uchachu! Ndani ya mabuti mna soksi za mtu zimekakamaa kama samaki ng'onda. Fulana za ndani zimeingia njano makwapani. Lakini koti la mama, nililolitoa katika mfuko wake wa nailoni, lilishinda yote kwa ubaya. Kifuani limeganda doa, kola ina utando wa mafuta, na mfukoni nikakuta tishu zilizokauka, zimeshikamana na peremende iliyonyonywa nusu. Niliitoa kwa koleo ya jikoni, wallahi, na koleo yenyewe nikaitupa. Kinyaa kilinipanda mpaka nikatapika kwenye sinki.

Nikajiambia, huyu mwanamke amelivaa koti la marehemu, akala nalo, akalitapikia, akalirudisha bila haya. Harufu ya mama, nikaona, imeshapotea chini ya uchafu wake. Nikalitia maji ya moto na dawa ya kuulia vijidudu, nikalisugua mara tatu, nikalianika juu ya paa siku nzima.

Hayo hayakunitosha. Ijumaa tulipokusanyika kwa binti ami yetu Sayyida kwa chakula cha mchana, nilimsema Balqis mbele ya wanawake wote. Nilimwambia kuwa nasikia kinyaa hata kula kilichopita mikononi mwake, na sambusa alizoleta nikazisukuma kando. Sayyida akacheka. Balqis aliinamisha kichwa, akaendelea kuwamenyea watoto machungwa. Nikazidi kumchukia, nikidhani ule ni ukaidi.

Jana asubuhi alikuja kwangu peke yake. Alikataa kahawa, akakaa ukingoni mwa kiti. Aliniambia kwamba soksi na fulana ni za watoto wake, alizembea kuzifua, na kwa hilo aliniomba radhi. Lakini koti la mama, alisema, hakulivaa hata siku moja, wala hakulitoa katika ule mfuko. Alisikia wewe umeomba lisifuliwe, basi akaliacha vile vile lilivyotoka Munich. Alinieleza kuwa huko Munich, alikokuwa akimuuguza, mama alikuwa akitapika ndani ya teksi kila walipotoka hospitali, na peremende ndiyo iliyokuwa ikimtuliza kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa akimfuta, tishu zikiisha anamfuta kwa mkono wake. Mama alimwapisha asituambie sisi binti zake, kwani aliona haya tumjue katika hali ile. Ndiyo sababu alinyamaza mbele ya watu.

Dada, nakiri kwako. Harufu niliyoitapikia ilikuwa ya mama. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja mpaka siku ya kuolewa nilimnusa nikamwona uchafu, na aliyemshika bila kinyaa nikamdhalilisha. Sasa najinyanyapaa mwenyewe, na kinyaa hiki hakitoki kwa kuoga.

Nilimwomba Balqis msamaha. Alisema yameisha, ila aliondoka bila kunipa mkono. Nilimwambia Ijumaa ijayo nitasimama mbele ya wanawake wale wale nimsafishe jina, akanikataza. Alisema afadhali wamwone yeye mchafu kuliko wamjue mama kwa hali ile. Aliniruhusu nikuandikie wewe tu, kwa kuwa koti ni lako.

Manchester nitakwenda na koti la dukani. Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na uniombee dua. Hajar atakapokupa mfuko, Dada, usiufungue kwa matumaini. Koti linanuka sabuni.

Mdogo wako aliyekukosea,
Mahfoudha