Swala wa Nne

Jumatatu, 30 Julai 1951

Nimeanguka tena na pikipiki. Swala wa tatu tangu Pasaka.

Leo ilikuwa barabara ya Endebess, saa moja asubuhi, ukungu bado juu ya mahindi. Swala mmoja alivuka mbele yangu. Nikamkwepa vizuri sana, nikajisifu kwa sauti — na hapo ndipo wa pili akatoka. Nilijikuta nimeketi mtaroni, sindano za ng'ombe zimetapakaa kila mahali. Yeye alisimama kidogo, akanitazama, akaenda zake. Hata pole hakunipa.

Miezi kumi na minne nilibeba barua za jeshi kwa pikipiki kule Burma. Mabomu, matope, madaraja ya mianzi. Sikuanguka hata siku moja. Nimerudi kwetu nidunge ng'ombe sindano kwa amani, na sasa wanyama wasiokuwa hata na bunduki wananiangusha!

Kemboi, ambaye tunafanya kazi pamoja, amecheka mpaka akashika ukuta. Baadaye akanifundisha. Ukiona swala mmoja, usimwangalie huyo, mwangalie anayemfuata. Ati kwao Elgon hata mtoto anajua. Mbona hakuniambia mwezi wa nne?

Kiwiko kimechubuka. Taa ya mbele ni nzima. Asante Mungu kwa taa.

Jumatano, 1 Agosti

Barua kutoka kwa Nasambu, mchumba wangu. Habari zimefika kwao Bungoma. Nani amezipeleka? Swala mwenyewe?

Baba yake, Mzee Wabwile, ni mzee wa kanisa na hapendi maneno mengi. Anataka nifike Jumamosi. Nasambu ameandika nivae suruali ndefu nifiche majeraha. Harusi ni tarehe kumi na nane. Siku kumi na saba tu zimebaki. Si wangengoja nioe kwanza ndipo wanigombeze?

Jumamosi, 4 Agosti

Nimetoka huko. Nimechoka.

Mzee alinikalisha kitini na yeye akabaki amesimama. "Kijana, mimi sikatai wewe," akasema. "Nakataa hiyo kitu iko na magurudumu mbili. Msichana yangu hawezi kuwa mjane sababu ya swara."

Nikamwambia nitapunguza mwendo.

"Swara hapimi mwendo, bana. Sikiza. Ukianguka mara moja tena kabla ya harusi, harusi hakuna. Mpaka uuze hiyo kitu, na mimi nione ikienda."

Nikakubali. Ningefanya nini?

Bila pikipiki kazi yangu imekwisha. Mashamba niliyopewa yanaanzia Kibomet hadi karibu na Suam, na hakuna miguu inayoweza. Hiyo ndiyo sababu niliyompa Mzee. Lakini hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo niseme ukweli — naipenda. Naipenda sana. Nasambu pia nampenda, nimemngoja miaka miwili, na nikimkosa kwa ajili ya swala sijui nitaanza vipi kuishi. Sitaki kuchagua.

Mama mkwe sikumwona, bila shaka. Tangu ng'ombe wetu wa mahari waingie boma lile, mila yetu inatukataza mimi na yeye kuonana. Nikiingia uani, yeye anaingia jikoni. Tukikutana njiani, mimi naingia kichakani mpaka apite. Hatusalimiani, hatutajani majina. Nilisikia sufuria zake tu. Zilikuwa zinalia kwa hasira, au labda ni mimi tu na woga wangu.

Jumatatu, 6 Agosti

Dawa ya Kemboi: kengele ya ng'ombe, ifungwe chini ya usukani. Swala akisikia atakimbia mapema. Nimeifunga.

Jumanne, 7 Agosti

Swala hawakuja. Wamekuja ng'ombe. Kundi zima la mzungu mmoja wa Endebess limenifuata mpaka barabara kuu, likidhani mimi ndiye kiongozi. Mchungaji wao amenitukana kwa lugha tatu.

Nimeitoa kengele.

Alhamisi, 9 Agosti

Niandike polepole.

Asubuhi nilitumwa Bungoma kuchukua dawa za chanjo. Barabara nzima nilikwenda kama mtu aliyebeba mayai. Mto Kamukuywa nikauvuka salama. Swala mmoja nilimwona mbali, nikasimama kabisa, nikamngoja wa pili, akaja, wakapita wote wawili. Nikasema, leo nimewaweza.

Nimebakiza kama maili moja kufika njia ya kwa kina Nasambu, nikaona mwanamke mbele yangu. Kikapu kichwani, leso ya manjano yenye maua. Leso ile naijua, huwa inaanikwa uani kwao. Mama mkwe! Na amesikia pikipiki, anageuka.

Mtu wa miguu angeingia kichakani. Ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto, mwili unajua wenyewe. Na mwili wangu uliingia kichakani — pamoja na pikipiki, bila kushika breki.

Hakikuwa hata kichaka, yalikuwa mahindi. Nikapita mistari sita au saba, mabua yananipiga usoni, nikaanza kucheka, maana nilikuwa nimeokoka aibu. Na katikati ya mahindi alikuwa amesimama swala. Anakula. Peke yake. Hakuwa na wa pili, Kemboi atanieleza hilo.

Nilipofumbua macho, swala amelala pale amekufa, mimi kando yake, na kioo cha taa ya mbele hakipo. Shimo tu. Goti linatoka damu. Suruali imechanika mahali ambapo sitaandika hata humu.

Halafu sauti kutoka barabarani. Nikachungulia kati ya mabua. Mama mkwe amesimama, amenipa mgongo, anaongea na hewa.

"Kama kuna mtu huko ndani," akasema, "huyo mtu aseme kama mguu imevunjika. Mimi siulizi mtu. Nasema tu."

Nifanye nini? Kumjibu siwezi. Kunyamaza, atadhani nimekufa. Nikamgeukia swala. "Ewe swala," nikamwambia, "mguu haujavunjika. Ni goti limechubuka tu."

"Basi huyo swara ashukuru Mungu," akasema mama mkwe.

Akafungua leso yake, akaiacha ianguke nyuma yake. "Leso yangu imeanguka," akaiambia hewa. "Mimi ni mzee, siwezi kuinama. Mtu akiipata afunge nayo goti." Akapiga hatua chache, akasimama tena. "Na swara asiachwe aoze. Naenda kuita wamama. Nikirudi, nisipate kitu ingine hapa isipokuwa nyama."

Akaenda. Nikalia kidogo. Si maumivu. Ni ile leso.

Pikipiki iliwaka, hiyo ni ajabu. Sasa nimerudi Kitale ninakokaa, taa haina kioo, na anayejua ni mmoja tu. Na kumwambia Mzee hawezi, maana itabidi akiri kwamba aliniona, tena katika hali ile. Mila iliyoniangusha ndiyo itakayoniokoa! Nimepiga hesabu yote. Niko salama.

Ijumaa, 10 Agosti

Kioo cha taa hakipatikani Kitale. Kitatoka Nairobi, wiki tatu. Nimefunga taa kwa gunia. Nikiulizwa nitasema ni vumbi. Kesho ni kikao cha mwisho na Mzee, twende tupange chakula na kwaya. Kemboi ndiye msimamizi wangu wa harusi, nitampakia nyuma. Nimempa maagizo — asitaje swala, asitaje mahindi, asicheke.

Jumamosi, 11 Agosti

Naandika haya chooni kwa Mzee Wabwile. Mlango ni wa mabua, naona uwanja wote.

Kwanza gunia. Mzee aliliona kabla hatujashuka. Nikasema vumbi. Akatazama juu mawinguni, akatazama matope kwenye viatu vyangu. "Vumbi gani? Mvua imenyesha siku tatu." Kemboi akakohoa sana.

Nilimrudishia Nasambu leso kwa siri, imefuliwa na kukunjwa. Akaitazama, akanitazama goti. Akaelewa yote hapo hapo. Aliziba mdomo kwa leso ile ile na kukimbilia jikoni.

Halafu tukaketi mezani. Ugali, mboga, na nyama iliyokaushwa juu ya moto.

"Kuleni," Mzee akasema, anafurahi. "Mama Nasambu amepata swara kwa mahindi. Amekufa mwenyewe tu. Mungu ametuanzia harusi."

Nilikula. Kemboi alikula na machozi yanamtoka, akasema ni moshi. Mzee akasimulia habari za kwaya, akachukua pande kubwa la bega, akauma.

Kra.

Akatoa kitu mdomoni. Akakiweka kando ya sahani. Kipande cha kioo. Akatafuna tena, taratibu, akatoa cha pili. Hicho kilikuwa kikubwa zaidi, kinene, kina mistari mistari. Akakifuta kwa kidole na kukiinua kuelekea dirishani.

"Mama Nasambu," akaita. "Hii ni nini kwa nyama?"

Sauti ikatoka jikoni, nyuma ya ukuta. "Ni chemni ya taa. Ilivunjika asubuhi karibu na sufuria."

Mungu ambariki mama huyu. Hakutaja mtu, hakuona mtu.

"Chemni haina mistari," akasema Mzee. Akanyanyuka. Nikaomba ruhusa ya kwenda haja, nikaingia hapa, nikatoa daftari, maana nisipoandika nitapiga kelele.

Sasa amefika kwenye pikipiki. Anafungua gunia. Hana haraka. Kemboi amesimama mlangoni, maagizo yote yamemtoka kichwani, anacheka. Mzee ameinama mbele ya taa. Anakishika kile kipande, anakigeuza hivi, anakigeuza vile, anakijaribu ukingoni ambako kumebaki kijino kimoja cha kioo.

Kimeingia. Kimekaa sawasawa.

Na sasa hivi, jikoni, kitu kimevunjika. Nimekisikia vizuri, na kila mtu amekisikia. Kioo, tena chembamba.

Chemni. Ndiyo kwanza anaivunja!

Mzee amenyoosha mgongo. Ameangalia jikoni kwa muda mrefu. Sasa ameangalia huku chooni. Kipande cha kioo bado kiko mkononi mwake, na mabega yake yanatikisika, na kutoka hapa nilipo siwezi kujua kama anacheka au —