Gari Lilikuwa Limetazama Juu

Baba,

Nimekusingizia. Nilitaka nianze na salamu na habari za nyumbani, lakini mkono umekataa kuandika kingine. Nimekusingizia wewe uliyelala huko makaburini Rugerero, usiyeweza kujitetea, na Mama ameniamini.

Ilikuwa asubuhi ya kumaliza matanga, wiki moja tu tangu tukuzike. Pikapu lako lilikuwa uani, limetazama juu kilimani, kuelekea getini, vile ulivyotaka siku zote: gia namba moja, hendibreki juu, na lile jiwe jeusi nyuma ya tairi. Nililiegesha mwenyewe jioni iliyotangulia. Kuegesha nilikumbuka, Baba.

Kuwasha ndiko nilikosahau. Nilikuwa nimevaa mushanana, mgolole wetu wa heshima, nikaona nikikaa nitaukunja kabla ya kufika kanisani. Nikainama mlangoni, miguu ikiwa chini, nikashusha hendibreki, nikazungusha ufunguo ili injini ipate moto wakati Mama anafungua geti. Sikukanyaga klachi. Sikugusa gia, ikabaki namba moja. Lilimrukia, Baba. Lilimbana mguu kwenye nguzo ya geti, na alilia jina lako, si langu.

"Gari husalimiwa kabla ya kuwashwa," ulikuwa ukiniambia. Kaa kwanza. Kanyaga klachi mpaka chini. Shika gia uitikise kushoto na kulia. Ikicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, iko huru, washa. Nilikucheka. Nilisema wewe ungesalimia hata toroli. Ukacheka pia, kisha ukanishusha nianze upya kuanzia mlangoni, mara ya saba, na karoti za watu zinangoja kwenda mpakani, Petite Barrière.

Majirani walipokuja mbio wakiuliza kulikoni, mdomo wangu ulisema: hendibreki imekatika. Waya ule uliubadilisha wewe mwenyewe kabla hujaugua, mimi nikikushikia spana! Wakatikisa vichwa. Wakasema mzee alituachia gari bovu, Mungu amrehemu.

Ni Byamungu peke yake, fundi wako wa Goma, aliyelizunguka gari, akaitazama nguzo ya geti. Akanivuta kando: "Dada, fre ya mukono ikikatika, gari inarudia nyuma. Sasa hii ilipanda mulima namna gani?" Hajamwambia mtu. Kila akipita ananisalimia vizuri, na huko kusalimiwa kunaniua.

Mama yuko hospitalini, ana vyuma mguuni. Daktari anasema atatembea, ila hasemi lini. Mguu si kitu, Baba. Jana nilimpelekea picha yenu ya harusi, ile mliyopiga Karagwe kabla ya kurudi Rwanda, ili aiweke karibu na kitanda. Akaigeuza, nyuso zenu zikatazama ukuta. Akasema, "Miaka thelathini nimelala na mtu, kumbe alijua gari ni bovu akaninyamazia." Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikakoroga uji.

Nifanye nini? Nikisema, nitampoteza, na sasa nina mzazi mmoja tu. Nisiposema, yeye anakupoteza mara ya pili, na mara hii ni mimi niliyekuzika. Silali. Ufunguo wako nimeufungia kabatini na bado nausikia ukizunguka. Ungekuwepo ungenigombeza mpaka nilie, kisha ungeniambia nianze upya kuanzia mlangoni. Hakuna wa kunigombeza, Baba. Wote wananipa pole.

Basi kwaheri, lala salama. Nakuahidi hili moja, kabla woga haujarudi. Kesho asubuhi nitampelekea uji. Nitaigeuza picha itutazame. Nitakaa kitini, sitasimama mlangoni. Akinifukuza, nitangoja kwenye benchi la nje mpaka aniite, hata kama hataniita. Lakini kwanza atanisikia: "Mama, hendibreki ilikuwa nzima. Baba aliweka waya mpya. Nilimshikia spana."

Binti yako,
Vestine