Ndege Ambayo Wanasema Haikuanguka

Mpendwa ndugu yangu Kariuki,

Mama ndiye amesema nikuandikie. Nimekaa dukani kwangu hapa Nakuru, cherehani nimeisukuma kando, na sare za shule za watu zimenizunguka zikingoja vifungo. Zitangoja. Kuna jambo nilipaswa kukwambia kabla hatujakufunika kwa udongo, na sikulisema.

Unakumbuka asubuhi uliyoondoka kwenda kazi ya udereva ugenini? Elburgon ilikuwa na ukungu ule wetu, ule mzito wa kutoka msituni, tukawa tunasikia misumeno ya mbao bila kuona kiwanda chenyewe. Mama alikushika mikono miwili akaomba mpaka nikaona utachelewa. Zamu yangu ilipofika sikuomba. Nilikwambia, "Huko unakoenda acha kukimbiza gari. Hiyo spidi yako ndiyo itakuua."

Ulicheka. "Dada, nilipinduka mara moja tu."

Ni kweli, ilikuwa mara moja. Lori la kabichi, pale kwenye mteremko wa kushuka Mai Mahiu, na breki ndizo zilikataa. Lakini kijijini ulibaki kuwa dereva wa spidi. Hata mimi nilikuita hivyo, tena mbele za watu, na wewe ulikuwa unatabasamu tu.

Na mimi ndiye niliyejua ulivyoanza. Tulikuwa tukimpelekea Baba chakula kiwandani, mimi nimebeba sufuria, wewe umeshika sketi yangu. Kuna dereva wa lori la magogo alikuwa anakupakata kwenye kiti chake, gari limezimwa, unazungusha usukani ukilia "vuuu" kwa mdomo. Kila baada ya muda unasimama. Siku moja nilikuuliza mbona unasimama na hakuna kitu barabarani. Ukasema, "Kuna ng'ombe." Ulikuwa na miaka mitano.

Ulikuwa umemaliza mwaka wako wa kwanza huko ugenini, ukiendesha lori la vitunguu na ngano, nchi hiyo na jirani yake zilipoanza kupigana. Ulinitumia sauti kwa simu: "Ndege za vita zimepita hapa juu, dada, sahani zikacheza kwa meza. Lakini ni za huko juu, sisi hatuwahusu. Mwambie Mama asitazame taarifa ya habari." Nilimficha Mama taarifa siku tatu.

Siku ya nne Barasa alipiga. Barasa, dereva mwenzako uliyeishi naye chumba kimoja, yule wa kwetu Elburgon, ambaye mama yake huuza viazi pembeni mwa stendi. Alinena kwa haraka, kama mtu anayeogopa kusikilizwa.

"Dada, Kariuki ametuacha. Ni leo asubuhi, barabarani."

Unajua nilimjibu nini? Sikuuliza uliumia wapi. Sikulia. Nilisema, "Alikuwa anakimbiza, sivyo?"

Barasa alishusha sauti. "Mimi niliona bawa la ndege, dada. Kwa shamba ya ngano. Siwezi kuongea mengi." Simu ikakatika, na kwa miezi mingi hakupatikana tena.

Halafu karatasi za kampuni iliyokuajiri zikaja. Ajali ya barabarani, zilisema. Mwendo wa kasi. Hakuna neno lolote kuhusu ndege.

Nilianza kufuatilia taarifa, mimi ambaye sikuwa najua ndege ya vita ina injini ngapi. Nilichukua daftari ninaloandikia vipimo vya wateja, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja niliandika maneno ya nchi uliyokuwa ukifanyia kazi: hatujapoteza ndege hata moja, na tumeangusha nne za adui. Upande wa pili niliandika maneno ya adui wao: tumeangusha sita, na marubani wetu wote wamerudi nyumbani. Kila jioni nilisikiliza wataalamu wakipima. Nikajifunza kwamba marubani wawili wanaweza kupiga ndege moja na kila mmoja akaihesabu kuwa yake. Nikajifunza kwamba ndege ikidondosha tangi la mafuta, mtu wa mbali anaapa ameona ndege ikianguka. Nikaona sita haiwezi kuwa kweli. Na sufuri pia haiwezi.

Lakini mimi sikuwa natafuta sita wala nne. Nilikuwa natafuta moja. Na hiyo moja niliipata upande wa adui. Ofisa wao alisimama mbele ya ramani akiringa, akasema mojawapo ya ndege walizoangusha iliangukia mashamba ya ngano, akataja barabara yako na kuonyesha picha ya bawa. Wakubwa wa upande wako wakajibu kwamba hiyo picha ya bawa ni ya zamani, ya vita vingine. Kwa hivyo, Kariuki, mtu pekee duniani aliyekuwa anasema kitu kinachofanana na kifo chako ni yule aliyekuwa anajisifu nacho. Nilitaka awe mkweli na nilimchukia kwa wakati mmoja.

Uliletwa nyumbani baada ya wiki tano. Nilienda mochari na nguo zako, ile suti ya kijivu niliyokushonea, nawe ukilalamika kwamba mabega yamebana. Mzee anayehudumu pale aliniita kando. Mzee mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Madam, karatasi inasema nini?"

"Ajali. Spidi."

Alitikisa kichwa. "Mimi hii barabara kuu imeniletea watu miaka mingi. Mtu wa kupinduka namjua. Huyu kijana wenu hakupinduka. Moto ulimjia kutoka juu. Miguu yake ni mizima."

"Unaweza kuandika hivyo?"

"Mimi huosha tu, madam. Kuandika si kazi yangu. Nimekwambia ndio mjue."

Nilijua, basi. Na Jumamosi ya mazishi, kaburi likiwa wazi, mchungaji alipofika mahali pa kueleza ulivyokufa, alisoma karatasi ya kampuni jinsi ilivyo. Nilisikia akina mama nyuma yangu wakiguna, na mmoja akasema polepole, "Ni ile spidi yake." Mama aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa kipaza sauti. Nilijiambia sina ushahidi: nina bawa la Barasa, nina maringo ya ofisa, nina maneno ya mzee asiyeandika. Nilijiambia watu watasema tunatafuta visingizio. Nikanyamaza, tukakufunika.

Miezi ikapita. Siku moja nilienda kwa kinyozi wa mlango wa pili kuazima mkasi. Vijana wanne walikuwa wanabishana mbele ya televisheni, vile hubishana juu ya mpira.

"Hao walitandikwa sita, boss. Sita bila."

"Propaganda hiyo. Wewe uliona ngapi?"

"Na wewe?"

Wakacheka. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Moja ilimwangukia ndugu yangu."

Kinyozi alizima televisheni, akanipa mkasi, akanisindikiza hadi mlangoni kwangu. Nilikaa kwenye kiti hiki nikalia, kwa mara ya kwanza tangu Barasa apige.

Tangu siku hiyo humfikiria pia yule rubani. Kama ndege yake haikuanguka, yeye yuko wapi? Lazima kuna mama mahali ambaye hakuruhusiwa kulia, kwa sababu wakubwa walishasema wana wote wapo.

Mwezi uliopita Barasa alirudi. Mkataba wake uliisha, na jambo la kwanza alilofanya, hata kabla ya kulala kwao, ni kuja kwa Mama. Amekonda. Alikataa chai mpaka aseme.

"Mama, mimi nilikuwa na lori la nyuma yake. Niliona yote. Wakubwa wa huko walituambia atakayeongea ataozea jela, ndio nikanyamaza. Naomba unisamehe."

"Sema tu, mwanangu."

"Kulikuwa na mzee anavusha mbuzi. Wengi, na wengine vilema. Kariuki alisimamisha gari. Akazima injini kabisa, akatoa kichwa dirishani akimwambia yule mzee asiwe na haraka. Mbuzi walikuwa wamemaliza kuvuka. Hata hakuwa amewasha tena ndege ilipomwangukia."

Mama akauliza, "Gari ilikuwa imesimama?"

"Ilikuwa imesimama, Mama."

Ndipo akanigeukia. Sijawahi kumwona Mama akiniangalia hivyo, bila hasira na bila kunihurumia. "Wewe ndiye ulinyamaza pale kaburini. Wewe ndiye utasema."

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nilisimama kanisani. Nikashika benchi la mbele. Nilisema ile karatasi iliyosomwa haikuwa kweli. Nilisema wewe hukuwa unakimbiza gari, ulikuwa umesimama unangoja mbuzi wa mtu. Nikasema mimi, dada yako, ndiye niliyekuwa wa kwanza kukushtaki, siku ile ile uliyokufa, na nilipojua ukweli niliufunga mdomoni. Nikaketi. Mama Barasa alikuja akaketi karibu nami, akanishika mkono hadi ibada ikaisha.

Nchi hizo bado zinabishana. Juzi nimesikia upande ulikokuwa wewe umekubali ndege moja, lakini wanasema ilikuwa hitilafu ya mitambo, tena mkoa mwingine. Sikuandika. Lile daftari nimerudi kuliandikia vipimo.

Mama yuko sawa, magoti tu. Ananiambia anapopita stendi watu humsimamisha kumuuliza habari za mbuzi, na yeye huwaeleza yote tangu mwanzo, taratibu, wala hachoki.

Nisamehe, Kariuki. Nilikujua tangu ulipokuwa ukishika sketi yangu, na bado niliamini watu.

Pumzika, ndugu yangu.

Ni mimi, dada yako.