Nimemtaja Rayya

Jumatano, Ansab. Vumbi limefunika hata majabali, lakini dirisha la chumba changu li wazi. Daktari kasema hewa ipite.

Nina kifua kikuu. Nimeliandika jina lake zima, na sitalifuta.

Daktari alinieleza taratibu. Bakteria hawa huingia kwa pumzi: mgonjwa anakohoa, wewe unaivuta ile hewa. Askari wa mwili huwameza, ila wenyewe hawafi. Hukaa humo humo wamelala, pengine miaka. Kinga ikilegea huamka, wakazaana, na katika vita hivyo pafu ndilo linaloumia. Langu la kulia limeshatoboka.

Si uchafu. Si laana. Si jicho la mtu.

Wiki iliyopita nesi alinipigia kuuliza nimekaa karibu na nani. Mama mkubwa Zuwena, dada yake mama, alikuwa amesimama mlangoni, shela kaibana puani.

"Usimtaje Rayya," akaninong'oneza. "Nna mwari wa kuoza mie. Wakwe wakisikia, khalas, hapana harusi tena. Sema una pumu."

Rayya ni binti yake. Kila asubuhi tulikwenda naye kazini Rusayl kwa gari langu, vioo juu kwa sababu ya joto, mimi nakohoa, yeye ananifungulia chupa ya maji.

Nilimtazama mama mkubwa usoni, nikamjibu nesi: "Rayya. Andika na nambari yake ya simu."

Mama mkubwa akaondoka bila kuaga. Nililia, sikatai. Lakini ningeulizwa tena leo, ningemtaja tena.

Mchana huu Rayya kanipigia. Vipimo vimeonesha bakteria anao, ila wamelala. Haumwi na hamwambukizi mtu. Atameza dawa wasije wakaamka. Na mchumba wake, Rayya kamwambia mwenyewe, kabla hajatanguliwa na maneno ya watu.

"Kasemaje?" niliuliza.

"Kauliza na yeye akapime wapi."

Mama mkubwa bado hanisemeshi. Anune. Bora aninunie binti yake akiwa mzima, kuliko tukumbatiane msibani kwake.

Kesho nawaandikia wote kwenye kundi la familia. Anayeona aibu atoke kwenye kundi. Aliyepanda gari langu akapime.