Macho Mekundu Ukutani

Jumatatu, 2 Juni
Nimekamua. Nimefagia. Nimewasha kinyesi cha ng'ombe, kuni hakuna. Kabula bado amelala, saa mbili hii. Mjukuu gani huyu. Mwanangu Masanja kamleta likizo kutoka Geita, yeye karudi shimoni kwenye dhahabu yake. Kamwachia simu. Mtoto kutwa katuni za Kijapani. Vitabu vyao vya picha anavyo humo humo, vinasomwa kutoka nyuma kuja mbele. Watu wasio na akili. Leo badala ya shikamoo kaniinamia. Nilidhani tumbo linamuuma.

Alhamisi, 5 Juni
Mabinti wa kitongoji wamejaa uani, wote kwenye simu moja. Hata Japani iko upande gani hawajui. Nimewauliza wanapenda nini huko. Kabula kasema kule mtu anayedharauliwa ndiye anayeishia kuwa shujaa. Upuuzi. Nilikaa karibu kwa sababu ya kumenya karanga tu. Kuna bikizee mle, nywele nyeupe, macho mekundu, analinda kijiji chake. Hatari ikija watoto wanamkimbilia yeye. Hakuna anayemtukana. Nimeangalia mpaka simu ikaisha chaji. Karanga hazikuisha.

Jumapili, 8 Juni
Nimerudi kanisani nikajikuta ukutani. Ukuta wa mbele, unaotazama njia. Kabula katumia mkaa, chokaa na udongo mwekundu. Kilemba changu, khanga yangu, shingo yangu. Macho makubwa kama sahani, mekundu.
"Bibi, kule kwao macho haya ni ya mlinzi."
"Na kwetu?"
Hajui. Kakulia mjini, hakuna aliyemwambia. Nimemwambia mimi. Kwamba huku Usukumani kikongwe mwenye macho mekundu anaitwa mchawi. Kwamba Nyanzobe, jirani yangu, alikatwa mapanga mlangoni kwake, kosa lake macho. Na macho haya tunapewa na moshi wa kinyesi, maisha yote jikoni. Mtoto kalia, kachukua maji akafute. Nimemkatalia. Ukuta wangu, nachagua mwenyewe nani akae hapo. Tena nilikuwa mzuri pale. Sijawahi kuchorwa mimi.

Jumatano, 11 Juni
Mtoto mchanga wa Mama Shija kafariki. Homa. Nimeenda msibani na unga wangu. Haukupokelewa. Nimekaa mkekani peke yangu, wanawake wote upande wa pili. Huyu Mama Shija alipojifungua nilimkanda kwa mikono yangu hii. Leo kanitazama macho, si uso.
Mabinti hawaji tena.

Ijumaa, 13 Juni
Mwenyekiti wa kitongoji kaja mchana. Hakukaa. Kasema watu wanasema mchawi kajitangaza mwenyewe ukutani. Kasema kuna vijana hawezi kuwazuia.
"Mayu, mama yangu, nenda kwa mwanao. Leo, jua likiwepo."
Mwoga. Nimemwambia niliolewa hapa kwa ng'ombe, na mume wangu nimemzika hapa. Kaangalia chini.
Kabula kasugua ukuta. Mkaa umetoka, chokaa imetoka. Wekundu umezama. Kachukua jembe akakwangua. Yamebaki mashimo mawili. Anasema ni yeye kaniua. Nimemgombeza, mimi ndiye niliyekataa pafutwe. Nilitaka nibaki, waje. Ila mtoto yuko nami, na panga halichagui. Nimefunga mlango.

Jumanne, 17 Juni
Geita. Chumba cha Masanja, bati juu, jiko la mkaa. Bodaboda hazinyamazi. Macho hayatoi machozi hapa. Mekundu vile vile. Sijui nani anakamua.
Kabula hafungui katuni zake. Simu kailaza kifudifudi. Leo nimemwamuru afungue, nijue yule bikizee aliishia wapi. Tumeangalia. Kijiji bado kinampenda.
Halafu kaomba anichore tena, kwenye karatasi. Nimekubali. Nimemwambia anichore nimefumba macho.