Ukuta Unaotoa Jasho

4 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Sisi tupo, ila mjukuu wako Kidoti kifua kinambana. Akipumua utadhani kameza filimbi.

Baba, ni hiki chumba. Uliponitafutia ulisema nihamie macho yakiwa yamefumbwa, kwa kuwa nyumba hii uliijenga wewe. Sasa nimeyafumbua. Ukuta wa upande wa kitanda umelowa kutoka sakafuni hadi kiunoni kwangu, rangi inabanduka, na nyuma ya kabati kumeota kuvu jeusi. Uvundo umeingia hadi kwenye nepi nilizoanua juani. Nasugua kwa dawa ya madoa, baada ya siku tatu limerudi. Jirani yangu wa mlango wa pili anasema humu hata mende wamehama. Wewe ndiye fundi, nieleze.

Mwanao,
Mama Kidoti

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile. Pole na mjukuu wangu.

Ukuta hutoa jasho, mama, kama mtu. Ninyi wasichana wa siku hizi mnachemsha maji ndani, mnaanika ndani, dirisha mmefunga, kisha mnamsingizia fundi. Nimejenga miaka thelathini, hakuna aliyenifuata na malalamiko. Fanya tunavyofanya sisi plasta ikiwa mbichi: weka jiko la mkaa katikati ya chumba, funga mlango na dirisha, joto linywe maji. Siku mbili tu.

Babako

19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Goti leo sikuulizii.

Niliwasha jiko kama ulivyoagiza, mchana, nikafunga kila kitu, nikakaa kitandani nikimnyonyesha Kidoti. Kichwa kikaanza kuniuma, nikadhani ni uchovu. Jirani alikuja kuomba kibiriti, akagonga, kimya, akasukuma mlango kwa bega. Alinikuta nimelala chini na mtoto kalegea kifuani kwangu. Nilizindukia hospitali, ndiko ninakokuandikia. Daktari akauliza nani kanishauri. Nikasema baba yangu.

"Baba yako ana ugomvi na wewe?"

Alinieleza kwamba mkaa ukiwaka pasipo hewa hutoa sumu isiyo na harufu. Plasta haina mapafu, baba, ndiyo maana haikuwahi kukulalamikia.

Kidoti ananyonya, tupo hai. Lakini nina hasira, utaiona kwenye mwandiko. Dirisha halijafungwa tangu nihamie, isipokuwa siku uliyonifungisha wewe. Maji yanapanda kutoka chini. Hata mimi niliyeishia darasa la saba naliona. Nijibu kama fundi, usinijibu kama mtu aliyeguswa heshima.

Mama Kidoti

30 Mei

Mwanangu,

Natumaini mnapumua vizuri. Barua hii nimeiandika mara tano, nikaichana mara nne.

Kati ya msingi na ukuta hutandikwa nailoni nzito, maji ya ardhini yasipande. Nailoni ilichelewa, mwenye nyumba alikuwa na haraka. Akaniambia, "Jenga, nani atachungulia?" Nikajenga. Nilipokutafutia chumba nilijipa moyo kwamba pengine pamekauka. Jasho ni neno tunalowapoza nalo wapangaji.

Nitakuja nipige plasta mpya na rangi juu yake, hakuna atakayejua. Nisamehe.

Babako

6 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako kaniletea jirani, maana nilihama siku tuliyotoka hospitali. Tumepata chumba kidogo cha mabati, lakini kina madirisha mawili yanayotazamana. Upepo unaingia huku unatokea kule. Kidoti kifua kimeanza kufunguka, na jana kacheka mpaka kapaliwa.

Plasta usipige. Rangi mwenye nyumba keshapaka, nyeupe pee, na chumba kile kaingia mama mwenye mapacha wa miezi minne. Kauliza harufu ni ya nini, kajibiwa kwamba ukuta unatoa jasho. Neno lako hilo, baba.

Njoo na mwiko wako. Ubandue ile rangi mbele ya mama huyo, aone kilicho chini, umwambie kwa mdomo ulichoniambia mimi kwa karatasi, na mwenye nyumba akiwa amesimama hapo hapo. Ukitoka huko jirani atakuleta kwangu, mjukuu wako anajifunza kukaa. Ukipita kwangu kwanza, sitafungua.

Bado ni mwanao,
Mama Kidoti